Faili Jipya Kuliko Yote

Jumatatu, 24 Februari. Asubuhi ya mvua na baridi, mlima hauonekani.

Jana nchi nzima ilirudisha saa nyuma kwa saa moja kwa ajili ya Ramadhani, kama kila mwaka. Nchi nzima, isipokuwa kompyuta yangu hapa kwenye kiwanda cha uchapaji. Makusudi!

Kabla ya mfungo, tajiri wetu, Bwana Mfeddal, au Si Mfeddal kama tumwitavyo, atachagua mkuu wa chumba cha usanifu. Ni mimi au Ghizlane, msanifu mwenzangu. Ghizlane huvizia hadi dakika ya mwisho, kisha huweka toleo lake juu ya langu. Saa kumi na nusu kila siku, skripti, programu ndogo niliyoiandika mwenyewe, huorodhesha mafaili ya folda yetu kwa saa, jipya juu, huchukua faili la mstari wa kwanza na kulipeleka mashineni lichapwe:

ls -t | head -1

Faili hubeba saa ya kompyuta iliyolihifadhi. Yangu iko saa moja mbele. Na avizie!

Jumatano, 26 Februari. Mvua bado.

Saa kumi kamili nimehifadhi ratiba ya Ramadhani ya duka la vitamu. Imejiandika saa kumi na moja. Safi.

Saa kumi na robo Ghizlane akachungulia. Chumba kizima kikasikia akiniita bibi mkubwa: "Lalla Batoul, magharibi saa moja na dakika ishirini na mbili? Kwenu mnafuturu na popo?"

Nyakati nilizitoa kwenye kompyuta yangu, nikasahau kupunguza ile saa moja! Kompyuta yangu ikaganda papo hapo. Nikambembeleza Ghizlane anisaidie. Akasahihisha kwenye yake, akahifadhi, hata jina langu akaliacha pale chini. Hilo liliniuma zaidi.

Nikaenda kunywa chai. Glasi ya pili, nikakumbuka: langu bado ndilo la juu. Nikakimbia. Nakala elfu tatu, zote za faili langu, zote na kosa.

Alhamisi, 27 Februari.

Si Mfeddal akauliza, kwa upole wa kutisha, iweje skripti ichague faili bovu wakati lililosahihishwa limekuja baadaye. Nikasema huenda ni unyevu. Akasema mama yake ana miaka tisini. Akingojea supu yake ya harira ya kufuturu mpaka saa hiyo, tutamzika na kijiko mkononi.

Ghizlane akatazama saa ya ukutani, akatazama ya kompyuta yangu. Akarudi kwenye kazi yake. Heri angenitukana.

Ijumaa, 28 Februari.

Ghizlane ndiye mkuu. Kuskusi ya Ijumaa nimeiacha sahanini. Kompyuta yangu ameirudisha saa kwa mkono wake, bila kumwambia mtu, kisha akanipa kadi za Idi nizisanifu. Ananihurumia! Mimi!

Nimelia, kisha nimefikiri. Saa moja mbele ulikuwa woga. Kuna amri ya kuliwekea faili tarehe yoyote uitakayo. Kesho faili la kadi za Idi naliwekea tarehe ya mwakani. Mwaka mzima, kila saa kumi na nusu, hakuna atakayeweka kitu juu yake. Hakuna mtu yeyote!

Nalala saa tano na dakika kumi.