Maziwa ya Kushusha Uvimbe

Jumanne, 3 Juni 1997. Kakese.
Leo nimeduwaa! Nilimpeleka binti yangu Minza zahanati, pumu ilimbana tena. Mganga Nathanael alikuwa amesoma jarida. Kasema mirija ya kifua ikivimba, mwili wenyewe huchukua mafuta yake ukatengeneza vitu vidogo mno, vya kuuamuru uvimbe urudi chini. Wataalamu bado wanavichunguza. Nikauliza vinauzwa wapi. Haviuzwi, akasema, akanipa vidonge na kunionya Minza asikae kwenye moshi. Haviuzwi! Basi muuzaji wa kwanza ni mimi, Maduhu.

Jumatano, 4 Juni.
Nyuki wamemuuma ng'ombe wangu mwekundu. Uso umevimba, macho hayaonekani.

Alhamisi, 5 Juni.
Uvimbe umeshuka! Bila sindano, bila mitishamba. Nilisimama zizini mdomo wazi. Vile vitu vimejaa ndani ya huyu ng'ombe, kwa hiyo vimo kwenye maziwa. Nikapeleka dumu zima Kawajense, kwa Zubery mwenye duka, nikamsimulia yote. Akauliza kwa nini nisimletee nyuki wenyewe. Wateja wakacheka. Wivu tu.

Ijumaa, 6 Juni.
Inzi wanamsumbua ng'ombe. Kiwanda hakisumbuliwi! Nikamhamishia nyuma ya nyumba, nikamwashia moto wa mavi makavu kama tunavyofanya zizini kila jioni. Moshi mzito, mzuri. Ukaingia wote chumbani kwa Minza.

Midomo yake ikawa ya kijivu. Kifua kikapiga filimbi. Nikampa maziwa, akashindwa hata kumeza. Mama yake akampakata kwenye keria, mimi nikasukuma baiskeli mpaka zahanati, nalia mbele za watu. Niliogopa sana.

Jumamosi, 7 Juni.
Dawa za Nathanael zimemwokoa. Kanigombeza: moto wangu ndio ulioleta haya. Kasema sasa na mwili wa mtoto nao unafanya sehemu yake. Nikaweka sikio kifuani kwa Minza. Filimbi ikafifia, ikafifia, ikaisha. Kazi kubwa namna hiyo, ndani ya kifua kidogo, bila kelele! Sijawahi kukutana na ajabu kama hii. Nimemwapia mama yake: moto karibu na nyumba basi, maziwa ya nyuki basi.

Jumapili, 8 Juni.
Minza anapumua vizuri kabisa. Pumzi safi, imetoka mle mle kifuani vile vitu vinapofanya kazi, halafu inapotea hewani bure! Nimeosha chupa kumi na mbili za soda, nimechonga vizibo vya magunzi. Nimemwomba apulize taratibu, asimwage.