Malalamiko Kuhusu Kompyuta Isiyokuwepo Inayochelewesha Darasa la Akina Mama

Gumbo, Juba
Jumatano

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu Manyang,

Salamu nyingi, nikiamini nyumbani kwako wote ni wazima. Mimi ni Sanyu, mke wa Conrad, yule fundi uliyempa kazi ya kuamsha kompyuta tisa kuukuu za darasa la akina mama. Wa kwanza kujiandikisha ni mimi. Sahra wa duka la jumla ameahidi kunipa kazi nikijua kuchapa, lakini atanishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi tu. Na darasa bado. Kosa ni la mume wangu, na kwa heshima yote namshitaki.

1. Kompyuta tisa ziko stoo, zinaonekana, zinashikika. Conrad hazigusi. Ndani ya laptopu yake ametengeneza nyingine ya kuwaza tu, yenye ubongo wa zamani kama hizo zenu, ndiyo anayojaribia mfumo wa kuziendesha. Eti mfumo mbaya ukiingia kwenye kompyuta ya kweli utaiharibu. Mwalimu, mbuzi tunamkagua meno yake mwenyewe. Hatuanzi na mbuzi wa ndotoni.

2. Hiyo ya ndotoni anaipunguzia kumbukumbu makusudi, ili iwe maskini kama wenzake. Mtoto wangu Pearl akipungua robo kilo, kliniki wananihoji mpaka najuta. Yeye nani anamhoji?

3. Jumanne ya wiki iliyopita alipiga kelele, "Imekufa!" Jirani yetu Nyapal akasikia, akaja na mkeka na sukari ya msiba. Ameshakaa, ameshalia kidogo, anauliza maiti iko wapi. Conrad akamjibu bila aibu, "Malesh, samahani mama, nimeshaifufua." Nyapal ni mwanakwaya. Tangu hapo hamsalimii, na sukari alirudi nayo.

4. Anasema ikifa anabonyeza tu, inarudi ilivyokuwa asubuhi. Kama ni hivyo, mbona mimi hanirudishi darasa la sita, siku ile kabla sijaacha shule? Nimemuuliza. Alimchukua Pearl akambeba. Hilo si jibu la fundi.

Kwa hiyo naomba uamue. Kama kompyuta ya kuwaza inatosha, tufungue darasa la kuwaza. Sisi akina mama tutakuja kwa mawazo, utupe vyeti vya mawazo, Sahra aniajiri kwa mawazo. Na Conrad jioni nitampakulia posho na maharage ya mawazo, sahani imejaa. Nipewe pia Conrad wa pili, wa ndani ya laptopu, mwenye kumbukumbu ndogo, asikumbuke nilivyomfokea.

Nisalimie walimu, mlinzi wa geti, na mama wa jikoni. Mwambie ule mkate wake wa kisra bado nauota.

Mimi mwanafunzi wako ambaye hajaanza,
Sanyu, mama Pearl

N.B. Barua hii nimeichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, Pearl mapajani, ndani ya ile kompyuta isiyokuwepo. Conrad alitaka mtu asiyejua kitu, aone kama mfumo utamvumilia. Ilikufa mara mbili, Pearl ndiye aliyeipiga. Ikarudi yenyewe, bila Conrad kubonyeza, maneno yangu yote yapo. Sasa nimefika mwisho, na iko hai. Conrad anasema kalas, imekwisha, mfumo umefaulu, kesho anauweka kwenye zile tisa. Basi futa namba moja mpaka nne, na ombi pia. Ila karatasi usiitupe, mwalimu. Mpelekee Sahra, aone nani ameichapa.