Shemeji Arlene Afungiwa Nje ya Kompyuta

Bomba aliligonga gazeti kwa kidole mpaka kahawa ikachezacheza vikombeni.

"Sikilizeni maajabu! Wanasema miaka michache ijayo kila nyumba Marekani itakuwa na kompyuta, na familia nzima itaitumia pamoja kwa amani!"

"Amani?" Delmar akaguna. "Waje hapa Toledo, waje kwangu waione hiyo amani."

Pale dukani kwa Fern, penye donati za moto, kila mteja wa kudumu ana jina lake. Bomba ni fundi bomba mstaafu, mdomo wake kama koki mbovu. Elwood ni Askofu, maana hata kununua mkate huvaa tai. Delmar ndiye Waya. Tangu aiweke kompyuta kwenye chumba cha chini cha nyumba na kuvuta waya mpaka jikoni, ili mkewe Arlene naye awe na skrini yake, hana hadithi nyingine.

"Haya, Waya, kimekukuta nini?"

"Tangu jana mashine inamkataa Arlene. Anaandika jina, anaandika neno la siri, inamwambia amekosea. Mimi naingia vizuri tu. Sasa anasema nimemfungia nje makusudi, eti kwa sababu tulibishana juu ya mama yake."

"Na umemfungia?"

"Haki ya Mungu sijagusa kitu! Na hotuba ya harusi ya binti yetu imo humo humo. Harusi Jumamosi! Jana kanipa supu ya kopo, tena ya baridi, ndani ya kopo lenyewe."

"Hapo pameziba," Bomba akatoa hukumu. "Watu wawili kwenye mashine moja! Chomoa waya wako, wake upate nafasi."

"Nimechomoa."

"Izabe kofi la ubavu."

"Nimeizaba. Mkono umevimba."

Askofu akakohoa. "Lakini si wewe ndiye mkuu wa mashine? Mpe neno jipya la siri, yaishe."

Delmar akashusha sauti. "Naweza. Hata hotuba yenyewe naweza kuisoma. Ila nilimwapia kwamba upande wake sitaugusa kamwe. Nikiugusa leo, ataniamini tena lini?"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Arlene akaingia moja kwa moja, akamkamata Askofu tai.

"Delmar, nifungulie sasa hivi!"

"Shemeji, mimi Elwood."

Arlene akakodoa macho, akaiachia tai taratibu. "Samahani. Jana niliikalia miwani."

"Sasa jikoni unasomaje?" Delmar akauliza.

"Herufi ndogo sizioni. Nimebana kile kitufe cha herufi kubwa, naandika kubwa tupu."

Delmar akaganda, donati mdomoni. "Hata jina la kuingilia?"

"Hata jina."

"Mama yangu! Mashine ikiona jina kwa herufi kubwa tupu, inadhani kibodi ni ya kizamani, isiyo na ndogo. Basi kila unachoandika inakigeuza kiwe herufi ndogo, hata neno la siri. Lako lina herufi kubwa?"

"Ya mwanzo. Ni jina la mtu, ulitaka nianze na ndogo kama sikwenda shule?"

"Basi kifyatue kile kitufe. Jina lako kwa ndogo, la siri kubwa ya mwanzo tu. Kaanze upya."

Arlene akatoka mbio kurudi nyumbani bila kuaga. Kahawa ya pili ilikuwa haijapoa simu ya Fern ilipolia. Delmar akairukia.

"Imekubali? Na hotuba ipo?" Akasikiliza, mabega yakamshuka. "Hapana, nisamehe mimi. Na mama yako mwambie aje mapema, nitampokea mwenyewe."

Akarudi mezani akimeremeta. "Jina la mtu, mmesikia? Na mashine yangu haikubali neno lisilofika herufi sita." Akahesabu vidoleni. "D, e, l, m, a, r. Sita! Miaka yote hii ya ndoa, na kila akikaa kuandika ananitaja mimi!"

"Hongera, Waya," Bomba akasema, lakini naye alikuwa akihesabu vidole chini ya meza, midomo ikimcheza. Akageuka polepole. "Askofu, hebu nikumbushe. Elwood ina herufi ngapi?"

Askofu alikwishasimama, kofia mkononi.

"Jamani, gari nimeliacha linanguruma," akasema. Akatoka, akalipita gari lake lililozimwa kimya, akashika njia kwa miguu.