Kikombe, Shemeji na Parameta ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Fainali ya drafti ya mtaa ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Mimi dhidi ya shemeji, kaka wa mke wangu. Mtu wa maneno! Jana, mbele ya mama mkwe, alidai kikombe ameshakitafutia kabati. Mama mkwe akacheka. Kicheko kile sikisahau. Lakini shemeji ni mpikaji sabuni kiwandani kwetu, na Alhamisi yuko zamu. Asipotokea, napewa ushindi wa mezani. Ila na mimi niko kazini. Likizo nimezimaliza, meneja kanikatalia. Sawa. Karani wa kompyuta kama mimi hakatazwi! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 4 Machi
Eureka ya nguvu! Likizo hutolewa na prosija, programu ndogo iliyokaa ndani ya hifadhidata. Unaiita kwa jina, unaikabidhi parameta zake, yaani taarifa inazohitaji, barua zinajichapa kesho yake. Nimeandika skripti, maagizo ya kuiita. Mistari sita tu. Mama Mkato, fundi wa hifadhidata (mkato mmoja ukikosekana, hali chakula), akachungulia. “Parameta ni tatu, mwanangu: tarehe, idadi ya siku, namba ya mfanyakazi. Usiache hata moja.” Nikamshukuru. Wazee nao kwa kukuza mambo! Nimetia mbili. Namba yangu ya nini? Kiti changu, nywila yangu. Mashine isinijue?

Jumatano, 5 Machi
Barua imetoka. Siku moja, Alhamisi. Nimeibusu! Nimeondoka napiga mluzi. Printa bado ilikuwa inaunguruma. Labda ripoti ya mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Saa nne kasoro nilishakaa, hotuba ya ushindi mfukoni. Saa nne kamili, shemeji huyo! Shati limepigwa pasi. Nyuma yake wapakiaji, madereva, mlinzi wa geti, kiwanda kizima, kila mmoja na barua yake ya likizo. Mama Mkato amekuja na kiti chake. Akanieleza bila hasira kwamba namba ikikosekana, prosija huchukua wafanyakazi wote. Iliundwa kwa siku za kufunga kiwanda. Nimefungwa sita bila. Mama mkwe alipiga makofi mpaka bangili ikamchomoka.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja jana alibaki peke yake na mapipa manane ya sabuni. Yote yameganda kwa kukosa wa kuyakoroga. Skripti ina nywila yangu, hakuhitaji upelelezi. Kanipa patasi, akasema nikwangue mpaka aone chini. Msimamizi wangu ni shemeji. Aibu nimeiona, nakiri. Wapakiaji wananiita Baba Likizo na kuniuliza kama ya Jumatatu ipo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejifunza. Wallahi nimejifunza! Namba ya mfanyakazi haiachwi. Wakati wa mapumziko nimeweka patasi chini, nikaenda kwenye kompyuta. Kumbe ipo prosija ya kupandisha vyeo! Parameta mbili: namba na cheo. Namba nimeiandika, nimeihakiki mara tatu. Cheo nimekiacha wazi. Kwa mtu wa hadhi yangu, mashine yenyewe itaona kinachonifaa.