Viazi Mviringo vya Chanika

Jumamosi, 14 Mei 1994
Mama mkwe amefika jana kutoka Njombe na nusu gunia la viazi mviringo. Mke wangu Demetria anasema ni vya kula. Nimevikagua. Vimeanza kuchipua! Hiki si chakula tena, ni mbegu.

Nimewaza mchana kutwa. Masika yanaishia, ubaridi unakuja, na mji mzima umeingia wazimu wa chipsi. Kila kona karai la mafuta na kabati la vioo. Viazi vyote hivyo vinatoka nyanda za juu kwa malori. Hapa Chanika hakuna hata mtu mmoja aliyefikiria kuvilima. Sasa yupo mmoja.

Kikwazo ni mahali pa kulima. Nyuma ya nyumba kuna matuta ya mchicha wa Demetria. Tangu kiwanda kinipunguze kazini mwezi wa kwanza tunaishi kwa mchicha huo. Mwanamume wa miaka arobaini na sita kulishwa na majani! Aibu tupu.

Jumapili, 15 Mei
Wamekwenda misa, mama na binti. Waliporudi, mchicha haukuwepo. Nimeng'oa wote, matuta manne, jasho linanitoka.

Nilijiandaa kwa kelele. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Demetria alivua viatu vya kanisani, akaokota majani, akayafunga mafungu mafungu, akaenda kuyauza barabarani kabla hayajanyauka. Karudi jioni, kalala bila kula.

Nimelichukua hilo kama ridhaa.

Jumanne, 17 Mei
Nimepanda! Lakini si bila upinzani.

Mama mkwe, Mama Auleria, hazungumzi na mie ana kwa ana. Ndiyo adabu ya kwao: mkwe humtazami usoni. Akiwa na neno kwangu humwambia kuku, mie nikiwa karibu. Leo kamwambia kuku mweupe kwamba kiazi na kiazi viachiane futi moja, na mstari na mstari iachiane hatua nzima ya mtu mzima. Kwamba hiyo nafasi si ya bure, ndiyo udongo wa kuja kupandishia shinani.

Hatua nzima! Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa ghala. Katoni na katoni zikiachiana hata kidole, ulikuwa unaandikiwa barua ya onyo. Nafasi tupu ni hasara, hilo liko kwenye damu yangu.

Nimeacha kiganja kimoja, kila upande. Badala ya mashina themanini nimepata mia tatu na zaidi. Njombe wamelima viazi tangu enzi za mababu na hakuna aliyefanya hesabu hii.

Jumapili, 5 Juni
Vimeota! Vyote! Huwezi kuona udongo, ni kijani kitupu kama zulia la msikitini.

Jirani yangu Mzee Mwishehe amekuja uani. Huyu ni Mzaramo, mwenyeji wa hapa hapa, ana bustani ya matembele ambayo haijawahi kukauka na ndiyo sababu simpendi. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akatazama viazi muda mrefu, akauliza hawa watapumulia wapi. Nikamwambia viazi havina pua. Akasema basi sawa, akaenda zake.

Wivu! Nimeuona kwenye mgongo wake.

Jumatano, 22 Juni
Siku ya mabishano. Kuku mweupe ameambiwa kwamba viazi vimefika shibiri moja na wakati wa kupandishia udongo ndio huu, kesho utakuwa umechelewa.

Nikachukua jembe. Lo! Jembe haliingii. Kati ya mstari na mstari hapatoshi hata kijiko. Ili kupata udongo lazima ning'oe nusu ya viazi, na Mwishehe yuko pale kwenye ua wake anajifanya anachuma matembele. Ning'oe mbele yake? Afadhali nife.

Nikatangaza kwa sauti, ili ua mzima usikie, kwamba kupandishia udongo ni mambo ya nchi za baridi. Njombe kiazi kinahitaji blanketi. Chanika joto lipo la kutosha.

Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga. Kisha akamwinamia kuku. "Kiazi hakifunikwi kwa sababu ya baridi," alisema. "Kinafunikwa kisione jua. Kikiona jua kinakuwa kijani, na kile cha kijani ni sumu."

Kuku akaendelea kudonoa. Mie nikarudisha jembe ndani.

Ijumaa, 24 Juni
Hujuma! Nilikwenda Gongo la Mboto kutafuta wateja. Narudi nakuta mstari wa pembeni umepunguzwa na kupandishiwa udongo vizuri, tuta limenyooka. Mama mkwe anaosha jembe. Demetria ana tope mpaka magotini. Mwishehe anawasifia.

Nimeusambaza ule udongo wote kwa mikono yangu. Demetria alikuwa mlangoni ananitazama. Aliuliza kwa utulivu kama najua kwamba tangu juzi mboga tunayokula ni matembele ya Mwishehe, ambayo mke wa Mwishehe humpitishia juu ya ua.

Sikujua. Nimekataza. Usiku huu tumekula ugali na chumvi, na heshima.

Jumapili, 24 Julai
Viazi vinaonekana! Vimejitokeza juu ya ardhi vyenyewe, havikungoja jembe. Vidogo, kama mayai ya kanga, lakini vingi. Upande wa juu vina rangi ya kijani. Nimewaambia wote ni dalili ya afya, kama mtoto anayenenepa mashavu.

Demetria amekonda. Gauni la kanisani linamning'inia. Nimemwambia avumilie wiki mbili tu.

Jumamosi, 6 Agosti
Naandika haraka kabla sijasahau jinsi mambo yalivyokwenda, maana yamekwenda vibaya, kisha vizuri.

Mavuno: ndoo mbili. Mbili! Nusu yake kijani. Mama mkwe alivichambua, vya kijani akavitupa shimo la taka, vizuri akaviweka sufuriani. Havikujaza nusu sufuria.

Albano, muuza chipsi wa stendi, alikuja kama tulivyoahidiana. Alikata kimoja, akakigusa kwa ulimi, akatema. Akasema, "Braza, hivi hata mafuta yatavikataa." Akapanda baiskeli. Na Mwishehe alikuwepo! Alishuka mpaka uani kuangalia mavuno, na hakucheka, jambo ambalo ni baya zaidi.

Hapo hapo nikapata wazo. Nikamkaribisha chakula cha mchana. Aonje, afunge mdomo. Lakini nusu sufuria kwa watu wanne, mmoja wao mgeni? Demetria na mama yake walipokwenda kisimani, nilishuka shimoni, nikavitoa vile vya kijani, nikavimenya, nikavichanganya na kuzidisha pilipili. Sufuria ikajaa mpaka juu. Raha iliyoje!

Nilipakua mwenyewe. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya kutengeneza mambo, nikamjazia mama mkwe sahani kuliko wote, nikapiga magoti nikamwekea mbele kwa mikono miwili. Sijawahi kumfanyia hivyo. Alishtuka. Akaitazama sahani kwa muda.

Mwishehe alionja kipande, akasema tumbo lake halijamkaa sawa leo. Demetria alitema pembeni. Mie nilikula viwili nikasema nimeshiba. Mama mkwe alimaliza sahani yote, taratibu, mpaka mchuzi.

Angalau mmoja anajua kiazi ni nini.

Jumapili, 7 Agosti
Mama mkwe ametapika tangu magharibi ya jana. Alfajiri hakuweza kusimama, midomo imekauka, anamwita Demetria kwa jina la marehemu dada yake. Mwishehe alileta mkokoteni wake, akatandika mkeka juu yake, akausukuma mwenyewe mpaka zahanati. Mzee wa miaka sitini na kitu. Nilijitolea kusukuma, akasema nishike mwavuli.

Mganga aliuliza kala nini. Wote wakanitazama mie. Nikasema huenda ni maji ya kisima.

Demetria alirudi nyumbani kuchukua kanga. Najua alipita kwenye shimo la taka, maana aliporudi zahanati alikaa upande wa pili wa benchi, na hajanisemesha hadi sasa.

Alhamisi, 11 Agosti
Hakufa. Wamemtundikia maji siku tatu. Anatembea akishika ukuta.

Leo wameondoka wote wawili kwenda Njombe. Demetria anasema anamsindikiza mama yake. Amesindikiza pia na sanduku la nguo, cherehani na sufuria kubwa.

Mwishehe alibeba mizigo. Mama mkwe alisimama mlangoni, akanitazama usoni. Mara ya kwanza katika miaka kumi na mbili. Macho yake ni kama ya Demetria, sikujua.

"Nilivijua," alisema. "Kwenye ulimi tu nilivijua."

Nikamuuliza kwa nini basi alikula.

"Ulinipigia magoti, mwanangu. Ningekutemea mbele ya jirani?"

Akashika mkono wa binti yake, wakaenda. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma.

Jumapili, 28 Agosti
Barua ya Demetria imefika kwa mkono wa mtu wa kwao. Mama anaendelea, mkono mmoja bado unatetemeka. Hadai chochote. Anataka jambo moja tu: niandike kwa mkono wangu mwenyewe nilichoweka kwenye ile sufuria, halafu ndipo aone kama atarudi.

Nimekaa na kalamu asubuhi nzima. Nimeandika "Mpenzi Demetria, ni kweli", nikachana. Nikaandika tena, nikachana. Karatasi siku hizi ni ghali.

Mwisho nimepata maneno. Nimemweleza kwamba mbegu za baridi haziwezi jua la Pwani, kosa ambalo hakuna mwanadamu angeliepuka, na kwamba kuhusu yale mengine tusilaumiane. Kisha nimempa habari njema. Mipapai! Nimepewa miche mia mbili na bwana mmoja wa Mbweni anayehama. Yeye anasisitiza kila mche uachiwe hatua tatu, lakini huyo ana ekari nzima, ndiyo maana anaongea hivyo. Kwangu itaingia yote nyuma ya nyumba, nimeshapima.

Nimemwambia awahi kurudi kabla ya vuli. Miche mia mbili, mtu mmoja hawezi kuimwagilia.