Ombi la Kurudishiwa Heshima ya Mkono Wangu wa Kulia

Kwa Daktari Nafosat, Kliniki ya Tumbo, Margilani.

Binti yangu Daktari,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kuchungulia matumbo ya watu. Mimi ni Tohtasin, mpishi wa pilau, yule uliyemmezesha mpira wenye kamera akakung'ata kidole. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Nilikuja na vidonda vya tumbo vyenye historia. Miaka tisa nimevitibu kwa mafuta ya mkia wa kondoo, kikombe kizima kila alfajiri, na mtaa mzima ulijua vimeletwa na mdomo wa mke wangu. Wewe ukasema ni bakteria. Sasa mke wangu anataka aombwe msamaha wa miaka yote tisa.

2. Ukaniuliza nakula na nani. Mjinga mimi, nikawataja wenzangu wanane wa pilau ya kila Alhamisi, ambao kwa desturi yetu mpishi humlisha kila mmoja tonge la kwanza kwa mkono wake. Ukawaita, wakapuliza mifuko yako ya kupimia bakteria kwa pumzi. Wote wanane wanao! Hivi kipimo ni lazima kiropoke kila kinachokijua?

3. Tangu hapo hakuna anayenifungulia kinywa. Mamasoli, mmoja wa hao wanane na rafiki yangu tangu tukiwa vibogoyo, alijiziba mdomo kwa kofia: "Tohtasin bwana, mkono huo utie mfukoni. Mimi leo nakula kwa kijiko." Kijiko, Daktari! Mbele ya pilau yangu! Nilirudi nyumbani nikalia, na sikuwa nakata vitunguu.

4. Kwa hiyo naomba cheti chenye muhuri, kwamba mkono wangu ni safi na bakteria ni wa Mamasoli. Ikishindikana, wapime waliotulisha sisi, na waliowalisha wao, hata kama ni makaburini, mpaka apatikane mwenyewe akabidhiwe mali yake.

Dawa zako nimezimeza zote siku kumi na nne, ili usipate la kusema.

Wasalimie wauguzi, na yule mama wa mapokezi aliyenicheka.

Ni mimi, mwenye mkono,
Tohtasin

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni Alhamisi, majibu ya wenzangu baada ya kumeza dawa zako yakatoka: wote wanane wamepona. Mamasoli akatupa kijiko, akaachama. "Lisha basi, unangoja nini?" Nikamlisha, na wale saba nao wakafuata. Ila Daktari, usimwambie mtu. Mimi sikuja kupima tena, niliogopa jibu. Na kabla ya kila tonge nililamba vidole kuonja chumvi, kama nilivyofanya miaka yote. Jumatatu nawaleta. Tuandalie mifuko tisa.