Kiti cha Kumzuia Mke Wangu

Jumatatu, 6 Mei

Balaa limeingia nyumbani kwa njia ya simu. Aliyepiga ni Msimamizi, bosi wa zamani wa mke wangu katika kikosi cha mafundi rangi. Wamepata kazi ya kupaka ukumbi wa shule, kuta na dari, na anamtaka Jumamosi aje ajaribiwe. Akiimaliza siku ya kazi, nafasi yake kikosini anarudishiwa. Akishindwa, anachukuliwa fundi mwingine, na habari yake imeishia hapo. Mke wangu alikata simu akapiga kigelegele. Mimi nilitafuta pa kukaa.

Nieleze, maana shajara hii ni mpya. Mwaka jana ubao wa jukwaa ulivunjika naye akiwa juu. Pingili mbili za uti wa mgongo zikapasuka. Madaktari walisema atatembea, na anatembea. Maumivu, wakasema, ayazoee tu, maana hayana mpango wa kuhama.

Kila asubuhi namtazama akiamka, nikijifanya nimelala. Anageukia ubavu. Anateremsha miguu kwanza, kisha anajisukuma kwa mkono mpaka akae. Anatulia. Anauambia mgongo wake, kwa heshima kabisa, "Haya, twende mzee, tumechelewa." Halafu anasimama. Mimi kuamka kwangu ni kulalamika tu, na mgongo wangu ni mzima.

Mtu kama huyo arudi juu ya ngazi? Labda mimi niwe nimekufa. Kwa bahati nzuri ni fundi viti. Nitamtengenezea kiti ambacho binadamu akishakikalia hatamani tena kusimama. Jumamosi itafika, itapita, naye amekaa. Hakuna ugomvi, hakuna machozi. Wakati mwingine akili yangu inanitisha mwenyewe.

Jumanne, 7 Mei

Nilimsindikiza kliniki. Chumba cha mazoezi kina mikeka ya mpira, kioo cha ukuta mzima, na ngazi za mbao zinazopanda upande huu na kushuka upande ule bila kufika popote. Mwenye chumba ni mtaalamu wa viungo, kijana mwembamba mwenye viatu visivyo na sauti. Namwita Bwana Nyoosha. Simpendi. Mke wangu anacheka zaidi akiwa naye kuliko akiwa na mimi, na huku anaumizwa!

Nilimvuta pembeni nikamwomba amwambie mgonjwa apumzike. Aketi. Atulie. Akanijibu kwa sauti iliyosikika chumba kizima kwamba mifupa ilishaunga, na kinachomrudisha nyuma sasa ni kukaa mno. Misuli inalegea, mgongo unakakamaa, maumivu yanazidi. Adui mkubwa, akasema, ni kiti. Hasa kile laini.

Kiti! Mbele yangu! Nilimuuliza kama anajua kazi ninayofanya. Akasema anajua, mke wangu alishamweleza, na akanipa pole.

Basi mke wangu akapanda ngazi zile akiwa na ndoo ya mchanga mkononi. Akashuka, akapanda tena. Jasho linamtiririka, midomo ameibana. Kabla maumivu hayajapamba moto akasimama mwenyewe bila kuambiwa, akalala mkekani, akaweka miguu juu ya stuli, akapumua taratibu. Kisha akainuka akaendelea. Sikujua kwamba kujua wakati wa kusimama nako ni ufundi. Nilimwambia mgonjwa aliyekuwa karibu kwamba yule ni mke wangu. Akasema nimeshamwambia.

Hata hivyo mpango uko palepale.

Jumatano, 8 Mei

Siku nzima karakana. Fremu ya mbao ngumu, springi mpya, sponji tabaka juu ya tabaka, kitambaa cha kijani anachokipenda. Mikono ya kiti nimeiweka chini kidogo, ili mtu asipate pa kujiegemeza akitaka kuinuka. Ujanja wa hali ya juu!

Mchana nilikijaribu. Niliamka jua limegeuka. Mteja wa meza alikuwa amekuja, akaniita, akaniachia ujumbe wa matusi kwa chaki mlangoni. Sijawahi kupata uthibitisho mzuri kama huo katika kazi yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Kiti kimefika sebuleni. Mke wangu alikizunguka, akapapasa mshono, akasema hajaona kazi safi namna hii. Akakaa. Akashusha pumzi ndefu. Akafumba macho. Nilitoka nje nikacheza peke yangu uani.

Niliporudi alikuwa ananiita. Alikuwa amejaribu kuinuka akashindwa. Mgongo ulikuwa umekaza wote, na uso wake umebadilika rangi. Nilimtoa kwa kumkumbatia, hatua kwa hatua, mpaka sakafuni. Akalala pale na miguu juu ya kasha la misumari, akipumua, machozi yakimteremkia masikioni. Hakulia kwa sauti. Aliniomba radhi! Alisema kiti ni kizuri sana, ila mgongo wake ndio hauna shukrani. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula.

Baada ya hapo akaanza mazoezi yake. Taratibu, moja baada ya jingine, huku anahesabu kwa kunong'ona. Mtu mwingine angelala mpaka wiki ijayo. Huyu mwanamke anajikaza kisabuni kweli.

Jioni mama mkwe alikuja kumjulia hali binti yake. Akakiona kiti. Akakaa. Nilipomwamkia hakuitika vizuri, alikuwa ameshaanza kusinzia. Baadaye alitangaza kwamba atabaki nasi mpaka mwisho wa wiki, na chakula chake aletewe pale pale. Nikamjibu sawa mama, karibu sana mama. Ningesema nini?

Ijumaa, 10 Mei

Kiti kimeshindwa. Tumetekwa nacho. Mpango mpya: niende mwenyewe kwa Msimamizi, nimwambie waziwazi kwamba mke wangu hawezi. Nilijiambia siendi kumharibia, naenda kumwokoa.

Nilimkuta ukumbini na vijana wake. Ukumbi ni mkubwa kuliko nilivyofikiri, na dari liko mbali huko juu. Msimamizi alinipokea kwa furaha, shemeji hapa, shemeji pale. Kabla sijafungua mdomo akanionyesha mahali ukuta unapokutana na dari. Vijana walikuwa wamebandika utepe ili rangi isivuke, na bado ilikuwa imevuka. Akasema tangu mke wangu aanguke hajapata mtu wa kukata mstari ule kwa brashi na mkono mtupu.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nikamwambia utepe ni wa watoto. Nikamuuliza, amewahi kumwona akiamka asubuhi? Nikamsimulia ndoo ya mchanga. Nikamsimulia jana, kasha la misumari na kila kitu. Nikamwambia mwanamke yule ana maumivu tangu anafungua macho mpaka anayafumba, na bado anatutania mezani mpaka tunapaliwa. Vijana waliacha kupaka wakaja kusikiliza. Nilisema kama wanamtaka fundi wa kweli basi hawana haja ya kumjaribu, wao ndio wajaribiwe naye!

Msimamizi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema kesho aje mapema, na atakapotaka kulala sakafuni apumzike, alale, hakuna atakayemsemesha.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka nilichokuwa nimekwenda kusema.

Lakini sijafa moyo. Alasiri nimetengeneza kiti kingine, kidogo, cha kuning'inia kwa kamba. Atapaka akiwa ameketi angani. Bwana Nyoosha alikataza kiti laini. Hiki nimekiacha kigumu.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa chali. Mwandiko uvumiliwe.

Tulifika mapema. Mke wangu alipanda ngazi yake na moyo wangu ukapanda naye. Hakupanda kwa mbwembwe. Mguu, mkono, pumzi. Mguu, mkono, pumzi. Alipofika juu ya jukwaa akachovya brashi, akaikung'uta, akaiweka pembeni mwa dari na kuivuta. Mstari ukatoka mnyoofu. Chini, vijana wote wakainua shingo. Mmoja akavua kofia.

Basi mimi nikafunga kamba kwenye kiti changu, nikaipitisha juu ya chuma cha jukwaa la pili, pembeni, nikaanza kuvuta. Kiti kilipanda vizuri. Kilipokaribia kufika, kitu kilifanya "kwaa!" kiunoni mwangu. Kiti kikashuka kwa kasi. Na mimi nikashuka. Nililala sakafuni nimejikunja, nikipiga kelele ambazo sitaziandika.

Mke wangu hakukurupuka. Aliiweka brashi vizuri isikauke, akashuka vilevile alivyopanda. Akaja akanitazama. Akasema hata hivyo muda wake wa kupumzika umefika. Akajilaza sakafuni ubavuni mwangu, akaweka miguu juu ya ndoo ya rangi, akanisukumia ndoo nyingine niweke yangu. Tukalala pale wawili, macho darini, mafundi wakituruka na rola zao.

Aliniuliza kile kiti kilikuwa cha nini. Maumivu yalikuwa yamenimaliza, sikuweza kutunga. Nikamwambia ukweli. Nikasema naogopa. Nikasema siku ile alipoanguka nilikuwa karakana nagonga misumari, nikaitwa nikaja mbio, nikamkuta amelala chini hatikisiki, na kwamba kila akishika ngazi naiona siku ile upya. Nikasema nilitaka akae tu, hata kama atanichukia.

Aligeuza uso akanitazama. Kisha akasema na yeye anaogopa, kila kipago cha ngazi. Lakini mgongo huu unauma akiwa kwenye kiti na unauma akiwa juu, akasema, na kule juu angalau kuna dari la kupaka. Akanifinya sikio. Akaniambia nipumue kwa pua, nitoe kwa mdomo, nisiwe na haraka, na nisithubutu kuinuka kama mwanamume. Akageukia ubavu, akajisukuma kwa mkono, akasimama, akarudi kazini.

Nilimtazama kutoka sakafuni siku nzima. Alipanda, akapaka, akashuka, akalala, akapanda tena. Mara mbili aliegemea chuma amefumba macho, nami nikauma mkono wangu nisimwite. Jioni mstari ulikuwa umezunguka ukumbi mzima. Msimamizi aliufuata kwa macho, pembe hadi pembe, akasema, "Jumatatu, fundi. Usichelewe." Nililia pale pale chini. Sikujali nani ananiona.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu ana maumivu makali leo, hafichi. Amekanda mgongo kwa maji ya moto, ametembea uani, amelala, ametembea tena. Anasema ni maumivu ya mtu aliyefanya kazi, si ya mtu aliyekaa, na tofauti anaijua yeye. Halafu akapiga magoti kwa uangalifu akanifundisha mazoezi ya Bwana Nyoosha. Nimepiga mayowe kwa zoezi ambalo yeye hulifanya akiimba. Mama mkwe ananisimamia kutoka kwenye kiti cha kijani na kusema mkwe wangu, goti halijafika.

Nikiri hapa, kwa maandishi: nilikosea. Mke wangu ni shujaa kuliko watu wote ninaowajua, na hakuna kiti duniani kitakachomzuia. Kesho atapanda, na keshokutwa, na mimi sitamkataza tena. Nimejifunza somo langu, na limeniingia.

Kwa hiyo nimekaa nikafikiri, yaani nimelala nikafikiri. Tatizo halikuwa yeye kupanda. Tatizo ni sakafu. Sakafu ya ukumbi ule ni saruji tupu, wala hakuna aliyeliona hilo ila mimi! Nimeshachora. Sponji tabaka nne, springi chini yake, ukuta hadi ukuta, kitambaa kigumu kisichoshika rangi. Ukumbi mzima. Ukiisha huo, tunahamia jengo litakalofuata.

Amepita sasa hivi akaniuliza ninaandika nini. Nimemwambia ni mazoezi yangu ya wiki. Amefurahi sana, amenibusu kwenye paji la uso. Nimwamshe mama mkwe taratibu, anisaidie kuinuka niende dukani kwa sponji kabla hawajafunga.